Sukari ya mwana haina ratiba: mwongozo kwa wazazi wa Lamu

Mwanangu ana kisukari cha aina ya kwanza, na kwa wiki mbili daftari lake la vipimo vya sukari ya damu lilikuwa zuri mno. Asubuhi 6.2, jioni 7.1, kesho yake 5.9. Nikamsifu mbele ya nyanya yake. Usiku mmoja nikabonyeza kumbukumbu ya mashine ya kupimia kutafuta tarehe fulani, nikakuta 17.8, 15.3, 19.1. Zile za daftarini alizitunga mwenyewe, kwa penseli iliyochongwa vizuri, naye ana miaka tisa. Nilipomwuliza hakulia. Alisema, "Mama, ukiona nambari kubwa uso wako hubadilika."

Nimeandika hatua hizi kwa ajili ya uso ule. Dozi hutaipata hapa. Dozi ni ya daktari wa mwanao, kwa uzito wake na insulini yake. Haya ni ya nyumbani, katika mji ambao ambulensi haipiti vichochoroni na njia ya kwenda hospitali wakati mwingine ni maji.

1. Jua kilichoharibika

Kisukari cha aina ya kwanza huja pale kinga ya mwili inapogeuka na kuziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakikuletwa na halwa, wala na jicho la jirani. Insulini isipokuwepo, sukari hujaa kwenye damu na mwili hauwezi kuitumia, kwa hivyo mwana anakula na bado anakonda. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini huko Toronto, wa kwanza duniani kutibiwa nayo kisukari. Kabla yake watoto wa ugonjwa huu walikuwa wakifa, basi.

Kwa hivyo mwarobaini, karela na mdalasini visichukue nafasi ya sindano hata siku moja. Nyanya mwenye sukari anayetumia vidonge ana ugonjwa mwingine wenye jina linalofanana. Mtu akikwambia shangazi yake aliacha sindano akapona, mwitikie kwa adabu, na sindano ya jioni ichomwe saa yake.

Neno moja kwa ambaye mwanawe bado hajapimwa: kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, kurudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, kukonda, sisimizi kukusanyika pale alipokojoa. Sisi kituo kimoja kilitupa dawa ya malaria tukarudi nyumbani, na siku ya tatu mwana alikuwa anahema kama aliyekimbia kutoka Shela. Omba mwenyewe apimwe sukari. Ni tone la damu la kidoleni, na jibu hutoka kabla hujakaa vizuri kwenye benchi.

2. Ipatie insulini mahali pake

Chupa ambazo hazijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, katikati, mbali na barafu. Insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka ikaonekana sawa. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje, kwa kawaida kwa wiki nne, na tarehe ya kufungua iandikwe kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika. Huwezi kukumbuka, mimi nilidhani naweza.

Umeme ukikatika usipagawe. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha mwaka 2021 uchunguzi waliofanya kwa kufuata joto la nyumba za kambi ya Dagahaley, huko Dadaab, majirani zetu wa Garissa. Walikuta insulini iliyofunguliwa ikabaki na nguvu zake kwa wiki nne, joto likipanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37. Kwa hivyo ndani ya nyumba ya mawe, chumba cha chini, kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowa, insulini yako iliyofunguliwa iko salama kwa wiki hizo nne, joto lisipopita mipaka ile. Hewa yetu ina unyevu, usitarajie chungu kiwe friji, lakini hupunguza ukali. Kinachoua insulini ni jua la moja kwa moja: dirishani, juu ya dari, mfukoni mwa mkoba ulioachwa kwenye mashua. Safarini ibebe mwilini, kwenye kitambaa kilicholoa kidogo.

Iliyo nyeupe kama maziwa izungushwe taratibu baina ya viganja kabla ya kuvutwa, isitikiswe. Ile iliyo angavu kama maji ikianza kuwa na ukungu au chembechembe, itupe. Na sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, uirudishe hospitalini. Vichochoro vyetu watoto hupita pekupeku.

3. Jifunze kusoma nambari bila kubadilisha uso

Mashine nyingi za hapa husoma kwa milimoli. Ikikuonyesha 90 au 200, yako imewekwa kwa miligramu. Gawanya kwa 18. Wengi huambiwa walenge baina ya 4 na 10 kwa sehemu kubwa ya siku. Daktari akikupa mipaka mingine kwa umri wa mwanao, shika yake.

Pima asubuhi kabla hajala, kabla ya kila mlo, na kabla ya kulala. Stripi, vile vijikaratasi vya kutia kwenye mashine, ni ghali, najua. Ukiwa nazo mbili tu kwa siku usizitumie saa zile zile daima: wiki hii asubuhi na usiku, wiki ijayo kabla ya chakula cha mchana na jioni. Baada ya mwezi unaanza kuona umbo la siku nzima. Zibakishe pembeni chache ambazo haziguswi ila kwa dharura.

Sasa uso. Nambari ikitoka, sentensi yako ya kwanza isiwe "Umekula nini?" Hata ukiisema kwa upole, mwana husikia "Umefanya nini?" Nyumbani kwetu siku hizi tunasema "Haya, tumeiona," kisha "Tufanye nini?" Inaonekana jambo dogo. Lakini mtoto anayeogopa nambari ataficha nambari, na insulini itapangwa juu ya uongo; kliniki waliangalia zile 6.2 za penseli wakasema dozi ibaki ilivyo, na mwezi ule akapungua kilo mbili. Acha pia kuziita nambari nzuri na mbaya. Ziite juu, chini, katikati, kama maji ya bahari. Hakuna anayeyagombeza maji yakijaa.

Mimi bado hunishinda. Siku ikinishinda namwambia wazi, "Nimeshtuka, sijakukasirikia," na hilo limesaidia kuliko kujifanya jiwe.

4. Tafuta sababu, si mkosaji

Hapa ndipo wazazi tunapochanganyikiwa: chakula kile kile, dozi ile ile, jana 6 na leo 15. Insulini ya sindano haina akili ya kongosho. Ikishaingia imeingia, na mambo mengi huisukuma huku na kule. Mimi hupita orodha hii kichwani, kuanzia la rahisi.

Mikono. Siku moja ya msimu wa embe mashine ilionyesha 19.4 na mwana anacheka, hana kiu. Nikavuta kidole chake nikakinusa: embe dodo. Akanawa kwa sabuni, akajifuta, tukapima tena: 8.1. Ningempa insulini ya ile 19 angeanguka usiku.

Mahali pa sindano. Wakichoma pahali pamoja kwa sababu hapaumi tena, ngozi hufanya uvimbe laini chini yake na insulini hufyonzwa itakavyo. Pitisha kidole tumboni na mapajani kila wiki. Ukikuta pamevimba, papumzishwe kwa miezi, na mwambie daktari, kwa maana ukihamia ngozi nzima dozi ile ile huenda ikawa kali.

Joto na bahari. Kaskazi ikivuma na jua kuwaka, insulini hufyonzwa haraka zaidi, na sukari inaweza kushuka ghafla. Mwana akiogelea alasiri nzima, au akicheza mpira pale Wiyoni, misuli huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi baadaye. Huenda akawa sawa Maghribi na akashuka saa tisa usiku. Siku hizo mwongezee kitu kabla hajalala, kwa kiasi mlichokubaliana na daktari, na ujiwekee saa ya kuamka kumpima.

Nazi. Mafuta hupunguza mwendo wa chakula tumboni. Wali wa nazi na samaki wa kupaka utakuta saa mbili baadaye ametulia, saa tano baadaye amepanda. Halafu kuna kiasi: kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga wa gramu 45 hivi, karibu na vijiko kumi vya chai vya sukari. Sikumkataza wali, ni mwana wa Lamu. Nilinunua kikombe kimoja, nikakifanya ndicho kipimo, hakitumiki kwa kingine.

Kisha homa hata ndogo, jino bovu, usiku wa kabla ya mtihani, kukua kwenyewe, na kwa wasichana siku zao zikianza. Insulini iliyopigwa jua. Insulini ya kawaida (ile iitwayo "regular") iliyochomwa pamoja na tonge la kwanza badala ya nusu saa kabla.

Na kuna siku utapita orodha yote usione kitu. Andika nambari, tibu iliyo mbele yako, lala. Usibadilishe dozi kwa siku moja mbaya. Ikijirudia saa ile ile siku tatu, mpigie daktari. Na mkibadilisha, badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hamtajua kilichosaidia ni kipi.

5. Ikishuka chini ya 4

Hii haingojei ushauri. Dalili: jasho baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, hasira isiyo na chanzo, kuzubaa. Wangu huanza kugombana na viatu. Ukiwa huna mashine karibu, tibu kwanza.

Mpe sukari ya kuingia haraka: mtoto mdogo wa skuli vijiko viwili vya chai vya sukari au glukosi kwenye maji kidogo, mkubwa vitatu, au soda ya kawaida, mililita 100 hadi 150. Soda isiyo na sukari haifai kitu hapa. Halwa, chokoleti na maziwa vina mafuta, huchelewa. Subiri dakika 15, umkalishe, asiende peke yake popote, kisha pima tena. Bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, na mlo uko mbali, mpe kipande cha mkate au ndizi.

Zile dakika 15 ni ndefu. Mkono wako utataka kumtia kijiko cha nne, cha tano. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza na nikamkuta na 18 baada ya saa moja. Soma unachokijua, hesabu, lakini ngoja.

Akizimia au akianza kutikisika usimtie kitu chochote kinywani, wala maji ya dua. Mlaze ubavu, mtu mmoja akae naye, mwingine atafute usafiri. Ukiwa na glukagoni, dawa ya kudunga inayopandisha sukari, na umefundishwa, mdunge.

6. Ikipanda, na siku za ugonjwa

Ikipita 14 mara mbili mfululizo, au akiwa anatapika kwa nambari yoyote, pima ketoni, asidi ambazo mwili hutoa ukikosa insulini ukaanza kuchoma mafuta, kwa stripi za mkojo. Mpe maji mengi. Na hili nalirudia kwa sababu linaua: mgonjwa asiyekula hakatiziwi insulini. Dozi huenda ikapunguzwa au kuongezwa kwa maelekezo ya daktari, lakini kuacha kabisa, la. Omba mpango wa siku za ugonjwa uandikwe kwenye karatasi wakati mwana ni mzima, uubandike ndani ya mlango wa kabati.

Kutapika kusikokoma, maumivu ya tumbo, pumzi nzito za haraka, kinywa chenye harufu kama tunda lililoiva mno, usingizi usio wa kawaida, au ketoni zilizo kati na juu: ni hospitali, na ni sasa hivi. Usiseme tutaona asubuhi.

Kwa wa visiwani hapa kuna hesabu nyingine. Ukiwa Faza, Siyu au Pate, mkondo wa Mkanda haupitiki maji yakikauka. Mwana akianza kutapika, uliza maji yako wapi kabla ya kuuliza kitu kingine, kwa sababu uamuzi unaoweza kusubiri saa mbili barabarani huenda usisubiri hapo. Weka nambari za manahodha wawili, si mmoja, na mweleze kila mmoja mapema kwamba simu yako ya usiku haitakuwa ya mzaha. Mlio Lamu mjini mko karibu na Hospitali ya King Fahd, ila ukipewa rufaa ya Mombasa ni kuvuka hadi Mokowe na safari ndefu ya gari kupitia Witu na Garsen. Begi la safari hiyo, lenye insulini, mashine, maji, sukari na daftari, lisiwe la kutafutwa usiku.

7. Chuoni (madrasani) na skuli

Nenda mwenyewe, usitume barua tu. Mwonyeshe mwalimu sukari ilipo ndani ya mkoba, mwambie mtoto huyu akiomba kwenda msalani au kunywa maji asizuiwe, na akizubaa asichapwe, apewe sukari. Chuoni huwa hatukumbuki, na saa za chuo alasiri ndizo saa zenye hatari kwa waliodungwa insulini ya maziwa asubuhi. Waambie pia watoto wawili anaokaa nao. Watoto huona mapema kuliko mwalimu.

8. Ramadhani, Idi, Maulidi

Mtoto ambaye hajabaleghe hana wajibu wa kufunga, na mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Kurani. Tatizo ni kwamba wenzake wanafunga nusu siku na wanajisifu. Wangu alificha uji wake. Tulichofanya ni kumpa kazi ya kuandaa meza ya futari na kuonja chumvi, cheo ambacho hakuna aliyefunga anaweza kukipata. Kijana aliyebaleghe akitaka kufunga, ni mazungumzo na daktari miezi kabla. Na sukari ikishuka chini ya 4 anafungua, hata ikiwa imebaki robo saa adhana.

Idi ni nyumba kumi na sahani kumi. Huwezi kukimbia sahani zote bila kuwavunjia watu heshima, na huwezi kudunga kila kibarazani. Sisi huchagua nyumba mbili za kula, hizo tunazidungia, na kwingine vitamu vinafungwa kwenye karatasi vinakuja nyumbani, vinaliwa kidogo kidogo wiki nzima.

Maulidi ni mambo mengine: anatembea sana, anasimama juani kutazama mbio za punda, anapiga kelele, halafu mtu anamtia halwa mkononi. Siku hizo mimi hupima mara mbili zaidi na huacha kutafuta nambari nzuri. Nikimlaza na 12 nashukuru.

9. Mwingize nyanya kazini

Mavyaa wangu kwa mwaka mzima alinitazama kama mtesaji. "Mwana wa watu mwamtesa. Tende moya tu, hafi." Nikimkatalia, humpa nikigeuka. Nikawa na watu wawili wa kuwavizia.

Sikumshinda kwa maneno. Siku moja niliwaacha pamoja nikamwomba anisaidie kumpima, yeye ashike kidole, mimi nishike mashine. Akaona 5.4. Akampa tende yake. Baada ya saa moja na nusu nikamwomba tena, akaona 8.9, mimi sikusema neno. Alikaa kimya, kisha akauliza kama tende mbili zingefika wapi. Tangu siku ile tende iko kwenye hesabu ya mlo, inadungiwa, na yeye ndiye mwenye kuikabidhi.

Kazi yake ya pili ni pochi. Kila Alhamisi baada ya Alasiri hummwagisha mjukuu wake vitu vyote juu ya mkeka na kuvihesabu kwa sauti: mashine, stripi, kijisindano, insulini mbili na tarehe zake, mabomba ya sindano, pakiti tatu za glukosi, biskuti, karatasi yenye jina na nambari zetu za simu. Wiki iliyopita pakiti zilikuwa mbili. Alimtuma dukani kabla sijajua.